Nusu marathoni ya nne na saa 2 bado haijavunjika: tatizo ni mimi, ni njia, au ni saa ya mkononi?

#1 Mwalimu wa Tabata
Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba mawazo ya wakimbiaji, hasa wale waliowahi kukwama mahali pamoja kwa muda mrefu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na nilianza kukimbia miaka mitatu iliyopita. Nimekwisha kukimbia nusu marathoni nne. Ya kwanza nilitumia 2:07:40, ya pili 2:02:15, ya tatu 2:01:08, na hii ya nne, Jumapili iliyopita, nimetumia 2:00:59. Kwa hiyo miezi mitano ya kuamka saa 10 alfajiri, siku nne kwa wiki, imenizalia sekunde 9.

Kinachoniuma zaidi ni namna ilivyotokea. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba wastani wa dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita unatosha kuingia chini ya saa 2, na mwisho wa mbio saa yangu ya mkononi ilisoma wastani wa 5:40. Ilipotimiza kilomita 21.1 ilitetemeka na kunipongeza kwa 1:59:26. Nikainua macho na kuona lango la kumalizia bado liko mbali, ng'ambo ya mzunguko wa barabara. Nilipolifikia, saa ilikuwa imesoma kilomita 21.35. Ninadai kwamba njia ilikuwa ndefu na kwamba muda wangu wa haki ni ule wa 1:59. Anayepinga na anipinge kwa hoja.

#2 Fundi Vipimo
Pole, dada, lakini dai lako silikubali. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi na nimewahi kusaidia kupima njia za mbio mara mbili.

Njia inayotambuliwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na kabla ya hapo baiskeli hiyo hulinganishwa na kipande cha barabara kilichopimwa kwa mkanda wa chuma. Mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, yaani sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara penye kona, na mwisho huongezwa mita 1 kwa kila mita 1,000 ili njia isije ikawa fupi. Nusu marathoni ni mita 21,097.5, hivyo nyongeza hiyo ni kama mita 21. Wewe saa yako imeonyesha ziada ya mita 252. Ukiondoa hizo 21, zinabaki mita 230 hivi, ambazo ni kama mita moja katika kila mita mia. Ulizikimbia wewe mwenyewe ulipokuwa ukiwapita watu kwa kuzunguka, ulipokwenda upande wa pili kufuata meza ya maji, na ulipopita kona kwa nje. Nyingine hukuzikimbia kabisa, ni saa tu iliyozihesabu kwa kuyumba kwa GPS.

Kwa saa inayosoma 21.35, ulihitaji wastani wa 5:37 ili uvunje saa 2. Hesabu yako ya 5:41 ilikuwa sahihi kwa njia, ila haikuwa sahihi kwa saa uliyovaa.

#3 Kijana wa Ilala
Fundi, nakuheshimu, lakini na mimi nilikuwepo siku hiyo. Saa yangu ilisoma 21.41, ya kaka yangu 21.38, na ya jirani yetu, ambayo ni ya kampuni nyingine kabisa, 21.33. Haiwezekani saa nne zikosee zote kwa upande mmoja. Kama lingekuwa kosa la bahati mbaya, basi angalau moja ingesoma pungufu.

#4 Fundi Vipimo
Hoja yako nzuri, lakini kosa la GPS halina tabia ya kujifuta lenyewe. Chukua kalamu, uchore mstari ulionyooka huku mkono ukitetemeka, kisha unyooshe ule wino uupime: utakuta ni mrefu kuliko mstari uliokusudia. Saa hufanya hivyohivyo, kwa sababu huunganisha nukta zilizoyumba kidogo kulia na kushoto, hasa chini ya miti na kati ya majengo marefu. Na nyote wanne mlipita kona zilezile katikati ya umati uleule.

Tiba yake si kubadilisha saa. Zima ile kengele ya kila kilomita inayolia yenyewe, kisha ubonyeze kitufe mwenyewe kila unapopita kibao cha kilomita barabarani.

#5 Mdau wa Mweka
Ninakubaliana na Fundi kwa njia zilizopimwa, lakini asiwahakikishie watu kwamba njia zote zimepimwa namna hiyo. Kuna mbio moja, sitaitaja, ambapo nilivunja rekodi yangu kwa dakika 4. Nikapiga simu nyumbani kwa furaha, mama akachinja kuku. Jioni tukaja kugundua kwamba koni ya kugeuzia iliwekwa mapema kuliko ilivyopangwa, kwa hiyo wote tulikuwa tumekimbia chini ya kilomita 20 na nusu. Kuku alikuwa amekwisha kuliwa. Muda ule niliufuta katika daftari langu kwa mkono wangu, na iliniuma kwa wiki nzima.

#6 Mzee wa Usa River
Salaam kwenu nyote. Mnajadili kipimo cha barabara kabla hamjamtazama mkimbiaji. Mwalimu, tuletee muda wako wa kila kilomita 5, kisha tuzungumze.

#7 Mwalimu wa Tabata
Shikamoo, mzee. Nimeutoa kwenye matokeo rasmi, si kwenye saa yangu.

Kilomita 5: 26:40
Kilomita 10: 54:30
Kilomita 15: 1:24:00
Kilomita 20: 1:54:10
Mwisho: 2:00:59

#8 Mzee wa Usa River
Marahaba, mwanangu. Sasa hebu tazama.

Mkimbiaji wa saa 2 kamili anayekwenda kwa mwendo mmoja hufika kilomita 5 kwa 28:26. Wewe ulifika kwa 26:40, yaani ulimtangulia kwa dakika 1 na sekunde 46. Kilomita ya 10 ulikuwa mbele yake kwa 2:23, na bila shaka ukajiambia kwamba umeweka akiba. Kilomita ya 15 akiba ilibaki 1:19. Kilomita ya 20 ulikuwa nyuma yake kwa sekunde 25. Vipande vyako vya kilomita tano tano ni 26:40, 27:50, 29:30 na 30:10. Hiyo si njia ndefu wala saa mbovu. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wako uko karibu na kilomita ya 12.

Nimekimbia tangu miaka ya themanini na nimewafundisha vijana wengi hapa Arumeru. Katika kilomita 21 sijaona akiba ya muda inayolipa. Mwili ukianza kwa kasi usiyoimudu huchoma sukari yake upesi, miguu hujaa uzito, na kila sekunde uliyoiokota mwanzoni huirudisha na riba. Anza kwa 5:46 hadi kilomita ya 5, hata kama watu wote wanakupita na unaona aibu. Shuka hadi 5:42 katikati. Ukibakiwa na pumzi, itumie baada ya kilomita ya 16.

#9 Kijana wa Ilala
Mzee, shikamoo. Lakini hata kwa mwanzo ule mbaya, kama njia ingehesabiwa kwa saa yake angepata 1:59. Kwa hiyo hoja ya njia bado inasimama.

#10 Fundi Vipimo
Haisimami. Mbio haziendeshwi kwa saa ya mtu.

#11 Jirani wa Iten
Hamjambo, ndugu zangu wa Tanzania. Ninaandika kutoka Kenya, Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Mzee ameeleza vizuri siku ya mbio, lakini mimi ningeuliza kuhusu siku zile nyingine. Mwalimu, ukifanya mazoezi ya kawaida unakimbia kwa mwendo gani?

Ninauliza kwa sababu wageni wengi wanaofika hapa, penye mwinuko wa mita 2,400 hivi, hushangaa wanapoona wanariadha wenye medali wakianza mazoezi ya asubuhi kwa mwendo ambao hata wao wangeuweza. Mwanzoni ni kama wanatembea, kisha wanajikokota, kisha mwili unapoamka ndipo kasi inakuja yenyewe. Siku ya kasi ni siku ya kasi kwelikweli. Alhamisi, kwa fatleki, vumbi hutanda barabarani kama limepita kundi la ng'ombe, kwa maana watu zaidi ya mia wanakimbia pamoja, dakika moja kwa nguvu na dakika moja polepole, au mbili kwa moja. Siku inayofuata ni polepole tena. Mkimbiaji wa kawaida hufanya kinyume: kila siku anakwenda kwa kasi ya wastani, ambayo ni kubwa mno kwa siku ya kupumzika na ndogo mno kwa siku ya kasi.

#12 Mwalimu wa Tabata
Umenishika hapo, kaka. Mazoezi yangu yote ni kati ya 5:50 na 6:00, kila siku, kwa sababu nakimbia nikitazama saa ili niwahi kurudi kuwaandaa watoto. Mbio ndefu ya Jumamosi ni kilomita 14, nayo naikimbia kwa mwendo huohuo.

#13 Jirani wa Iten
Basi ongeza ile ya Jumamosi hadi kilomita 18 au 20, kwa mwendo wa 6:40, uweze kuzungumza na mwenzako njia nzima bila kukata maneno. Nadhani hicho ndicho kinachokosekana, kuliko hata mwanzo wa haraka. Mtu mwenye mbio ndefu miguuni anaweza kuanza vibaya na bado akamaliza.

#14 Nesi wa Zamu
Samahanini kwa kuingilia, ila kuna jambo ambalo wanaume wa uzi huu hawajaligusa. Dada, umepima damu lini?

Mwanamke anayepata hedhi, anayekimbia siku nne kwa wiki, na anayekula kama wengi wetu tunavyokula, yuko katika hatari ya kupungukiwa na madini ya chuma hata kama hemoglobini yake iko sawa. Hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ndiyo yenye chuma iliyoko kazini. Akiba yake hupimwa kwa kipimo kingine kinachoitwa feritini. Akiba ikiwa chini, mtu hufanya kazi zake za kila siku bila shida, ila akidai mwili umpe zaidi unagoma, na dalili yake ni kama hiyo yako, yaani miguu mizito nusu ya pili na mazoezi yasiyozaa matunda. Yalinipata mimi mwenyewe. Nilibadilisha raba na ratiba, nikabadilisha hata njia ninayokimbilia, kumbe feritini ilikuwa 9.

Usinunue vidonge kwa kukisia, kwa sababu chuma ikizidi mwilini nayo ina madhara. Nenda ukapime kwanza. Jambo unaloweza kulianza leo ni kuacha kunywa chai pamoja na chakula. Chai hupunguza sana kiasi cha chuma ambacho mwili unakichukua kutoka kwenye maharage na mboga za majani. Inywe saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye chakula kamulia ndimu.

#15 Raba za Karume
Wakuu, mbona hakuna anayezungumzia viatu? Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba raba zenye sahani ya kaboni na soli nene huokoa asilimia 4. Asilimia 4 ya saa 2 ni karibu dakika 5. Mwalimu anahitaji dakika 1 tu, kwa hiyo atafute jozi nzuri, hata ya mtumba, na hadithi imekwisha.

#16 Fundi Vipimo
Asilimia 4 ile ilikuwa ya nishati inayotumika kwa mwendo uleule, haikuwa ya muda. Huwezi kuichukua nzima ukaikata kwenye saa. Isitoshe, waliopimwa ni wanaume wenye kasi kubwa, na mkimbiaji wa 5:41 hawezi kuwa na hakika kwamba atapata kiasi hichohicho. Kwamba viatu hivyo vinasaidia sikatai, maana Shirikisho la Riadha la Dunia lisingeweka kikomo cha unene wa soli cha milimita 40 mwaka 2020 kama lingeona havina athari.

#17 Raba za Karume
Nashukuru kwa masahihisho. Hata hivyo mimi nilishuka kutoka 1:52 hadi 1:49 kwa kubadilisha raba peke yake.

#18 Mzee wa Usa River
Kwa kubadilisha raba peke yake, au mwaka huo ulikuwa pia umeacha kazi ya usiku na kupunguza uzito, kama ulivyotueleza kwenye ule uzi mwingine?

#19 Raba za Karume
Mzee, kumbukumbu yako ni kali. Ni kweli.

#20 Mpemba wa Chake
Assalaam alaykum. Nimesoma yote, nami naona mnamwonea Mwalimu. Mbio zenyewe zilikuwa Machi, tena Dar es Salaam! Kaskazi imekwisha kulegea, upepo hakuna, na hewa nzito kama ya jikoni. Jasho linalodondoka chini halijakupoza, kwani linalopoza ni lile linalokaukia mwilini, na hewa ikiwa imejaa unyevu halikauki. Basi damu inalazimika kwenda kwenye ngozi kutoa joto badala ya kwenda miguuni, na moyo unapiga mbio zaidi kwa mwendo uleule. Mtu aliyeweka 2:00:59 katika hali ile ana 1:57 ndani yake. Asubiri kusi. Julai, saa 12 asubuhi, upepo unatoka baharini, atauona mwenyewe mwili unavyokuwa mwepesi.

Jambo la pili ni chakula. Akiba ya sukari mwilini kwa mtu anayekimbia kwa nguvu hutosha saa moja na nusu hadi mbili hivi, na yeye anakaa barabarani saa 2 nzima. Sisi huku wakati wa Ramadhani tunakimbia usiku baada ya tarawehe, na hapo ndipo nilipojifunza thamani ya tende. Tia tende tatu mfukoni, zilizotolewa kokwa, ule moja kilomita ya 8, nyingine ya 12, nyingine ya 16, kila moja na maji mafunda mawili.

#21 Mkazi wa Dodoma
Kama tatizo ni unyevu, aje Dodoma, hewa ni kavu na asubuhi kuna baridi nzuri.

#22 Jirani wa Iten
Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyezoea pwani atalipia kwa pumzi kile alichookoa kwa jasho. Huku kwetu ubishi huo ni wa siku zote: mtu wa Mombasa akija Nairobi, mita 1,700 hivi, anashika kifua, wa Nairobi akishuka Mombasa anashika kichwa kwa joto.

#23 Mkazi wa Dodoma
Mimi nilizaliwa Tanga, nikahamia huku, na muda wangu bora nimeuweka hapahapa. Kwangu joto ni adui mkubwa kuliko mwinuko.

#24 Mdau wa Mweka
Na mimi muda wangu bora, ule halali, niliuweka Moshi, ambako nusu ya kwanza mnapanda kuelekea Mweka na nusu ya pili mnateremka. Nilifika juu nimechoka, lakini mteremko ulinirudishia yote.

#25 Mzee wa Usa River
Haukukurudishia yote. Mlima huchukua zaidi ya unachorudisha mteremko, maana kushuka kwa kasi huvunja mapaja, na kila mguu unapotua unafanya kazi ya breki. Ungekimbia siku hiyohiyo kwenye tambarare, ungepata muda bora zaidi.

#26 Mdau wa Mweka
Nimekimbia tambarare mara sita, mzee, na sijaufikia ule wa Moshi. Sina maelezo, ila ndivyo ilivyo.

#27 Kijana wa Ilala
Mnazungumza kana kwamba dakika moja ni kitu kidogo. Alphonce Simbu alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde moja tu baada ya zaidi ya saa 2 za kukimbia. Ikangaa naye alishinda Boston kwa tofauti ndogo vilevile.

#28 Mzee wa Usa River
Kijana, hapo unahitaji masahihisho mawili. Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za mia za sekunde, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyoamua. Juma Ikangaa hakushinda Boston. Alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, kisha akashinda New York Novemba 1989 kwa 2:08:01.

Na kwa kuwa tunazungumzia nusu marathoni, inanisikitisha kwamba hakuna aliyemtaja Fabiano Joseph. Mtanzania huyu alikuwa bingwa wa dunia wa umbali huuhuu, Edmonton, Canada, mwaka 2005, baada ya kuwa wa pili mwaka 2003 na 2004. Miaka miwili alikwama nafasi ileile, Mwalimu. Ninawauliza vijana ninaowafundisha, na wengi hawalijui jina lake.

#29 Jirani wa Iten
Na hata wakubwa hukwama. Jacob Kiplimo wa Uganda aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni, 57:31, kule Lisbon mwaka 2021. Ilipita karibu miaka mitatu ndipo Yomif Kejelcha wa Ethiopia akakimbia 57:30 kule Valencia, Oktoba 2024. Sekunde moja kwa miaka mitatu, tena ikahitaji mtu mwingine. Mwalimu amepata 9 kwa miezi mitano.

#30 Mwalimu wa Tabata
Nawashukuru nyote. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Nitajiandikisha mbio za Julai na nitarudi kutoa taarifa. Kuhusu njia kuwa ndefu, nimesoma maelezo ya Fundi mara tatu na bado moyo unakataa, ila akili imeanza kukubali.

#31 Mwalimu wa Tabata
Wanajukwaa, nimerudi. Mbio zilikuwa Jumapili, hapahapa Dar es Salaam, Julai, na njia ilipita Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi.

Kilomita 5: 28:50
Kilomita 10: 57:20
Kilomita 15: 1:25:50
Kilomita 20: 1:53:50
Mwisho: 1:59:41

Nililia pale langoni, sioni aibu kulisema. Lakini jioni ulipoingia ujumbe wa matokeo kwenye simu, nikakuta wameniandika 2:00:33. Kumbe ule ni muda tangu bastola ilipolia, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya umati, nikachukua sekunde 52 kuufikia mstari wa kuanzia. Muda wa chipu, unaohesabiwa tangu nilipouvuka mstari huo, ni 1:59:41. Je, nimevunja saa 2 au sijavunja?

#32 Kijana wa Ilala
Umevunja. Miguu yako imekimbia 1:59:41, hizo nyingine ulikuwa umesimama.

#33 Mkazi wa Dodoma
Mimi naona hujavunja. Washindi hupangwa kwa mlio wa bastola, na sheria ni moja kwa wote. Anayetaka muda mzuri asogee mbele.

#34 Fundi Vipimo
Bastola huamua nani alimtangulia nani. Chipu hueleza mtu alitumia muda gani kati ya mstari na mstari, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Hongera sana, dada. Saa ilisoma kilomita ngapi?

#35 Mwalimu wa Tabata
21.24, Fundi. Nilibonyeza kitufe mwenyewe kila kibao, na kona nilizipita kwa ndani.

#36 Mzee wa Usa River
Vipande vya 28:50, 28:30, 28:30 na 28:00. Sina la kuongeza. Mwanzo wa polepole umefanya kazi yake.

#37 Mpemba wa Chake
Mzee, usijitwalie. Kusi ndiyo iliyofanya kazi. Mwalimu, tende ulikula?

#38 Mwalimu wa Tabata
Nilikula mbili, ya tatu iliniponyoka kwenye daraja. Na ili niwe mkweli kwa wote, nilipima damu mwezi Aprili. Hemoglobini ilikuwa 12.4 na daktari alisema haina shida, lakini feritini ilikuwa 11, hivyo nikaandikiwa vidonge na chai nikaihamishia saa 4 asubuhi. Mbio ndefu nimezifikisha kilomita 19 kwa mwendo wa 6:40. Raba ni zilezile.

#39 Nesi wa Zamu
Feritini 11! Basi mengine yote yanafuata nyuma ya hapo. Rudia kipimo baada ya miezi mitatu, tafadhali.

#40 Jirani wa Iten
Kwa heshima, Dada Nesi, miezi mitatu ya mbio ndefu za polepole nayo ingetosha kuleta sekunde 78 bila kidonge.

#41 Raba za Karume
Swali moja, Mwalimu. Mwezi Juni shule zilikuwa zimefungwa. Ulikuwa unalala kwa muda wa saa ngapi kila usiku?

#42 Mwalimu wa Tabata
Nane, kaka. Wakati wa muhula ni tano na nusu.

#43 Raba za Karume
Basi kuna jibu jingine tena ambalo hakuna aliyelitaja tangu Machi.

#44 Mdau wa Mweka
Kwa hiyo amebadilisha mambo sita kwa wakati mmoja, na kila mtu hapa anadai lake. Mwalimu, wewe uliyekuwa ndani ya mwili huo unaonaje? Tueleze kilomita ya 18, maana Machi ulikuwa umekwisha kufa pale.

#45 Mwalimu wa Tabata
Kilomita ya 18 nilikuwa juu ya daraja, upepo wa bahari unanipiga ubavuni, nikihesabu pumzi, hatua tatu kuvuta na mbili kutoa. Mbele yangu palikuwa na baba mmoja mwenye fulana ya bluu iliyolowa mgongo mzima, na nilikuwa nimemfuata tangu kilomita ya 11 bila kumpita. Nilisubiri ule uzito wa mapaja uje, kama ulivyokuja mara nne zilizopita, na nikapita kibao cha 18 haujaja. Nikapita cha 19 nao bado. Hapo ndipo nilipompita yule baba, naye akanipungia mkono niende.

Oktoba nitakimbia tena, muhula ukiwa katikati na joto limeanza kurudi. Nitasimama karibu na mstari.

#46 Fundi Vipimo
Njia ya Oktoba nimeombwa kusaidia kuipima. Kona ya pili kutoka mwisho ni kali na inageukia kushoto; anza kuukaribia ukingo mita mia moja kabla.